Yasmini ya Kamta

Pancham Kushwaha alikuwa na dua moja tu, afie ndani ya bustani ile. Bustani yenyewe si kubwa. Iko nyuma ya hekalu dogo la mungu Krishna pale Orchha, India, katikati ya magofu ya wafalme, na wageni wakishachoka kupanda ngazi za ikulu huingia humo kutafuta kivuli. Ukoo wa Pancham uliitunza tangu enzi za mababu. Hawakulipwa kitu, ila walikaa humo na kupanda mboga zao, na kila alfajiri walipeleka makoja ya maua ili sanamu ya mungu ivikwe kabla mlango haujafunguliwa.

Wanaotembeza wageni walimpenda kwa kuwa aliwapa la kusimulia. Walimsimamisha mbele ya watu wenye kamera, wakasema huyu bwana hajakosa hata alfajiri moja, hata siku ya harusi yake alileta maua kwanza, bibi harusi akamngoja na njaa yake. Pancham alicheka kwa haya. Habari za Kamta hawakuzisema, maana hawakumjua.

Kamta alikuwa kaka yake. Ndiye aliyepanda ile yasmini iliyofunika ukuta mzima, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusuka koja bila kulisogeza puani, kwa sababu ua lililokwisha kunuswa na mtu halipelekwi kwa mungu. Bustani iliposhindwa kuwashibisha wote wawili, Kamta alikwenda Surat kwenye viwanda vya nguo. Alisema, "Kaa wewe, una mkono mwepesi." Mkono mwepesi wapi! Alimwachia tu, kwa mapenzi. Huko Surat akaoa, hakujaliwa mtoto, na vumbi la nyuzi likamjaa mapafuni.

Mwaka huu wasimamizi wa hekalu walianza kunong'ona habari za mfanyabiashara mmoja wa Jhansi aliyekuwa tayari kuleta maua gari zima. Pandit, yule kuhani wao, alimwita Pancham akamwambia bila kuzunguka kwamba makoja yakikosekana katika sikukuu ya kuzaliwa Krishna, bustani atapewa mtu wa Jhansi. Tangu hapo Pancham hakulala usingizi wa maana. Alikuwa akiamka kwenda kuyatazama maua kama yapo.

Siku chache kabla ya sikukuu simu ikalia. Alikuwa Kesar, mke wa Kamta.

"Shemeji, kaka yako ametutoka," alisema. "Njoo umwashie moto wa mazishi. Hakuacha mwana, ni wewe tu."

Pale kwetu hakuna asiyejua maana ya habari hiyo. Aliyefiwa na ndugu ana uchafu wa msiba mpaka siku zake ziishe. Hanyoi ndevu tu, ananyoa kichwa kizima, anakaa kwake, haligusi hekalu wala ua la hekalu. Yaani sikukuu ingemkuta Pancham na kipara chake barazani, na mtu wa Jhansi anashusha maua langoni.

Basi akafanya nini? Akadanganya. Alimwambia shemeji yake kwamba ana homa, hata kusimama hawezi. Kesar akasema watangoja mpaka jioni, huenda homa ikashuka. Pancham akazima simu. Hakumwambia hata mkewe. Alilia kisimani huku akijimwagia maji, ili mtu akipita adhani anaoga, na kulipopambazuka akapeleka makoja kama kawaida. Simtetei hata kidogo. Lakini woga wa kufukuzwa mahali ulipozaliwa ninaujua unavyomla mtu akili.

Siku ya sikukuu alichuma bustani yote. Aliona akipeleka makoja mengi kuliko miaka yote, hakuna atakayemtaja tena mtu wa Jhansi. Alichuma hata matumba ambayo hayajachanua, akaacha ukuta majani matupu. Mungu alifunikwa na yasmini mpaka kidevuni. Wageni wakapiga picha, Pandit akatabasamu, na Pancham akahisi kwamba amepona.

Ndipo Kesar akaingia langoni. Alivaa nyeupe ya ujane, mikono haina bangili, na kifuani amekumbatia chungu cha majivu kilichofungwa kitambaa chekundu. Alipita katikati ya wageni mpaka mbele ya Pancham.

"Pole na homa, shemeji," alisema. "Kaka yako alikungoja mpaka jioni. Mwisho akawashiwa moto na jirani, mtu wa mashine ya pili kiwandani."

Pandit alikitazama chungu, kisha akazitazama nywele za Pancham, zimepakwa mafuta na kuchanwa vizuri. Hakuhitaji kuuliza. Wageni walitolewa nje, mungu akavuliwa makoja yote na kuoshwa kwa maziwa, na maua yakatupwa nyuma ya ukuta. Pandit hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Niliposema yakikosekana, nilimaanisha uzembe," alimwambia. "Msiba si uzembe, Pancham. Ungeniambia, ningekutafutia mtu wa kukushikia zamu, na bustani ingekungoja. Sasa umetutia uchafu mpaka ndani. Kesho uhame."

Kesar hakuja kugombana. Alichotaka ni maua kidogo tu, kwa sababu Kamta aliagiza majivu yake yatiwe mto Betwa pamoja na yasmini aliyoipanda mwenyewe. Pancham akaukimbilia ukuta. Alifunua jani baada ya jani, juu mpaka chini. Hapakuwa na hata tumba moja.

Kesar akaondoka zake kuelekea mtoni. Pancham alizunguka nyuma ya ukuta, akaokota koja moja kwenye lile rundo, akalipangusa matope, akamkimbilia. Alimkuta kwenye ngazi za mto, chini ya yale majengo ya kumbukumbu ya wafalme ambako tumbusi hukaa. Akamnyooshea koja kwa mikono miwili.

Kesar hakulipokea.

"Kaka yako alikuachia vyote vikiwa vizima, shemeji," alisema. "Usimpe makombo."

Akainamisha chungu. Mto ulikuwa umejaa maji ya mvua, mekundu, na majivu yakachukuliwa mara moja. Pancham alibaki ngazini na koja lake. Kwa kuwa sasa halikuwa la mungu wala la mtu, akalisogeza puani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto. Halikunukia kitu.