Picha ya Kuthibitisha Uhai

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Niliishi Richfield, Marekani, upande wa uwanja wa ndege, katika nyumba ambayo ndege zilipita juu yake kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nimezoea kunyamaza katikati ya sentensi, kusubiri, kisha kuendelea pale pale nilipoachia, na nilifanya hivyo hata nilipokuwa mahali pasipo na ndege. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za miswada ya kale katika maktaba moja na kuiandikia maelezo. Kila ukurasa ulipigwa picha mara moja tu, mbele ya kitambaa cheupe, kwa mwanga uliotoka pande mbili ili kusiwe na kivuli. Kabla ya picha hiyo kulikuwa na picha ya majaribio, ambamo kadi ndogo ya kijivu huwekwa kando ya ukurasa ili kupima kama rangi zinatoka sawasawa. Picha hiyo ya majaribio hufutwa. Ile inayobaki huzungushiwa mstari mweusi, na chini yake huandikwa jina la kitu, mwaka wake na tarehe kilipopigwa picha. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja na hakuna mswada uliowahi kulalamika.

Jumapili mchana nilisali na kusanyiko la Wakongo waliofika kupitia kambi za wakimbizi, pamoja na Wakenya kadhaa, wengi wao wauguzi, ambao mara nyingi waliimba wakiwa bado wamevaa sare za zamu. Mtanzania nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo nilipewa kazi ya kusoma matangazo, pamoja na jina la Mwalimu, kwa dhana kwamba sikosei.

Katika kusanyiko hilo alikuwamo bibi mmoja aliyeishi mji wa Fridley, ghorofa ya tatu, pamoja na mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Mjukuu alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Bibi alielewa Kiingereza chote na kujibu kwa Kiswahili cha Kivu. Sijawahi kuona watu wawili walioelewana zaidi. Kati ya ndugu wote wa tumbo moja, bibi alikuwa amebakiwa na mdogo wake mmoja tu, mwanamke, naye alikuwa bado kambini, magharibi mwa Tanzania.

Sasa majira ya baridi yale, bibi mwingine wa kwao, wa umri uleule, alifariki katika jimbo jingine. Habari iliondoka Marekani ikiwa sahihi. Ilipofika kambini ilisema kwamba aliyefariki ni bibi wa Fridley. Mdogo wake alinyoa nywele, akakaa matanga siku zote zinazotakiwa, na siku ya kuyamaliza akagawa vitu vya marehemu vilivyokuwa vimebaki kwake. Ndipo bibi alipompigia simu kumsalimu, kama alivyofanya kila mwezi, akiwa hajui kwamba amekufa.

Mdogo alisikiliza kidogo, akasema kwa upole, "Asante, mjukuu wangu. Lakini usinifanyie hivi." Akakata.

Ni lazima nieleze kwamba mjukuu ana sauti ya bibi yake. Jambo hili lilijulikana kambini, ambako alipokuwa mdogo aliwahi kuwaita majirani wa mstari mzima wa nyumba waje kula kwa sauti hiyo, na wakaja, na chakula hakikuwapo. Bibi alipiga tena. Alitaja majina ya mbuzi wa utotoni, na mto waliouvuka, na kovu la mdogo wake lilipo. Mdogo alikubali kwamba yote ni kweli. Alisema marehemu alimfundisha mjukuu wake vizuri. Baada ya hapo hakupokea tena simu iliyotoka Marekani.

Ikabaki njia ya picha. Kambini kulikuwa na mwalimu wa shule mwenye simu janja, ambaye alikuwa tayari kuonyesha chochote kitakachotumwa. Walijaribu kwanza kuonana moja kwa moja kwa video, lakini mtandao wa kule uliruhusu nusu ya paji la uso tu, likiwa limeganda. Kisha mjukuu akampiga bibi picha kwa simu yake na kuituma. Jibu lilikuja katika ujumbe wa sauti wa yule mwalimu: "Mama anawashukuru kwa picha ya huyo binti. Anauliza ni mtoto wa nani."

Nilionyeshwa picha hiyo. Simu za miaka ile zilikuwa zimeanza kumrekebisha mtu bila kuulizwa: zilifuta makunyanzi, zikang'arisha ngozi, zikapanua macho kidogo, na kumrudisha mwenyewe akiwa kama yai lililomenywa. Mjukuu alikuwa na picha zaidi ya elfu nne katika simu ile. Tulizipitia pamoja kwa muda mrefu tukitafuta moja ambamo bibi yake ana umri wake. Haikupatikana. Nilipokuwa mtoto, familia yetu ilikwenda kwa mpiga picha mara moja kwa mwaka, tukasimama kama washitakiwa, na kila mmoja akatoka na uso wake. Nilimweleza mjukuu jambo hilo kwa kirefu. Alinisikiliza kwa heshima yote huku akiangalia simu.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, bibi alinishika mkono mlangoni.

"Mwalimu, weye unapigaka foto za vitabu vya watu wa zamani."

"Ndiyo, Bibi."

"Na vinatoka vile viko?"

"Vinatoka vilivyo. Hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa."

"Miye pia ni wa zamani. Kuja unipige."

Nilimwambia kwamba nitakuja Jumamosi. Hakuuachia mkono.

"Mwalimu, nabakia na huyo mumoja tu. Wengine wote wananiita Bibi, wananiita Mama, wananiita Koko. Jina langu la utoto analijua yeye peke. Sasa yeye analia miye, na miye niko hapa ninamulilia yeye mwenye analia. Na siku nitakufa ya kweli, atasema, si alikufaka tayari?"

Nilisema nitakuja na taa zote mbili.

Jumamosi nilifika Fridley na mikoba mitatu. Ukuta mweupe uliofaa ulikuwa mmoja tu, kando ya jiko, na jikoni kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, kikichemka katika sufuria. Nilimweka bibi kwenye kiti, nikapanga taa, nikampa ile kadi ya kijivu aishike magotini kwa ajili ya picha ya majaribio.

"Hii karatasi ni ya nini?"

"Inapima rangi, Bibi. Ili tujue kama rangi yako inatoka ya kweli."

"Miaka hii yote mulikuwa na mashaka?"

Mjukuu alicheka, akatoka kwenda kufua nguo chini. Niliangalia katika kamera nikaona ukungu. Mvuke wa sombe ulikuwa umetanda kwenye lenzi. Niliifuta, ukarudi. Kwa kuwa sababu ya tatizo ilikuwa wazi, niliondoa sababu: nilikamata sufuria kwa taulo, nikafungua mlango wa roshani, nikaiweka nje juu ya theluji, nikarudi kwenye kamera.

"Mwalimu. Umeipeleka wapi sombe?"

"Nje kidogo, Bibi. Mvuke unaharibu picha."

"Bila kifuniko?"

Nilikiri kwamba bila kifuniko. Bibi aliinuka. Alininyooshea ile kadi ya kijivu kama mtu anayeonyesha hati ya kukamatwa, kitenge kikamteleza begani, akanieleza jinsi mama yake alivyowafundisha yeye na mdogo wake kwamba sufuria haitoki nje ya nyumba bila kifuniko, na kwamba mdogo wake hakuwahi kuelewa, na kwamba sasa anaona kuwa hata watu waliosoma hawaelewi. Nilibonyeza kamera wakati huo kwa sababu nilihitaji kipimo cha mwanga. Kisha nikarudisha sufuria, nikasubiri mvuke upungue, nikampiga picha halisi.

Picha halisi ilikuwa kamili. Bibi alikaa wima, mikono magotini, macho yakitazama mbele, mdomo umefungwa. Kila kunyanzi lilikuwa mahali pake. Nyumbani niliizungushia mstari mweusi, na chini nikaandika, kwa herufi za wastani, jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwenye karatasi zake ni Januari mosi, tarehe wanayopewa wakimbizi wasio na cheti, kama ya karibu kila mtu katika jengo lile, na chini ya hiyo tarehe ya kupigwa picha. Nilimtumia mjukuu. Kwa kuwa zilikuwa faili mbili tu nilituma zote mbili, nikamwagiza aifute ile ya majaribio.

Jibu la kambini lilichukua siku mbili. Sauti ya yule mwalimu ilikuwa ya chini zaidi kuliko kawaida. "Tumepokea picha ya msiba. Mama anawashukuru sana kwamba mlimvika vizuri. Watu wamekuja kumpa pole tena. Anauliza alizikwa wapi."

Nilimwomba mjukuu anisomee tena nilichokuwa nimekiandika, ingawa nilikuwa nacho mbele yangu. Niliitazama picha kwa muda mrefu. Ilikuwa na ukuta mweupe na macho yasiyo na la kusema, imezungushiwa mstari mweusi, na chini yake jina, tarehe, na tarehe nyingine. Kwao, na kwetu pia, picha ya namna hiyo hubebwa na mtu mmoja tu, anayetembea mbele ya jeneza. Nilikuwa nimeiona katika misiba isiyopungua ishirini. Kwa viwango vya maktaba, haikuwa na kosa hata moja.

Kwa simu bibi aliniuliza tu, "Mwalimu, na weye umenizika?"

Niliahidi kurekebisha. Wiki ile niliandika mpango wa picha mpya katika karatasi: mstari mweusi usiwepo, tarehe zisiwepo, ukuta uwe wa rangi, bibi ashike gazeti la siku hiyo. Hili la gazeti niliona ni la busara, mpaka nilipokumbuka kwamba mdogo wake hasomi Kiingereza. Nikaandika mpango wa pili.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa tena ghorofa ya tatu, nafungua miguu ya kamera, wakati mjukuu aliponiambia, kwa Kiingereza, kwamba huenda haitakuwa lazima. Usiku uliopita alikuwa ametuma picha nyingine. Niliuliza ipi. Ilikuwa ile niliyomwagiza aifute. Nilimkumbusha kwamba picha ile imepinda, kwamba mkono umetoka na ukungu kwa sababu ulikuwa unatembea, kwamba nusu ya fremu ni mlango wa roshani na sufuria iliyo juu ya theluji, na kwamba mhusika ana kadi ya kijivu mkononi na mdomo wazi. Alikubali yote. Alisema katika picha hiyo bibi yake anasikika.

Nilikuwa nafunga kamera kwenye miguu yake simu ya bibi ilipolia. Ilikuwa namba ya Tanzania. Bibi aliiweka simu mezani, spika ikiwa wazi ili wote tusikie, akakaa mbele yake bila kuigusa, kama mtu aliyekaa mbele ya daktari.

"Yaya," sauti ilisema. Ndivyo Wakongo wanavyomwita ndugu aliye mkubwa wao.

"Niko."

"Unamugombeza nani pale kwenye foto?"

"Mwalimu. Alitosha sombe inje bila kifuniko."

Nilidhani mtandao umekatika. Mjukuu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Yaya," sauti ilisema tena. Kisha ilitamka jina nisilowahi kulisikia, fupi, la silabi mbili, na bibi akafumba macho. "Ile sufuria yako kubwa. Niliigawa."

Bibi alifumbua macho. "Sufuria gani?"

"Ile uliniachia. Siku ya kumaliza matanga."

"Ukaigawa kwa nani?"

"Kwa yule jirani wa huku chini. Ulikuwa umekufa, yaya."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko sijue kiko wapi."

"Si nilikuambia."

"Uliniambia."

"Toka tukiwa watoto nakuambia."

"Ndiyo, yaya. Toka tukiwa watoto."

Waliendelea hivyo kwa dakika arobaini. Msiba haukutajwa tena, isipokuwa mdogo alipotaka kujua kama nywele zake zingerudi na mvi au bila mvi. Nilikunja miguu ya kamera. Kwa kuwa hakuna aliyenihitaji nilikula sombe ya siku hiyo, ambayo ilikuwa nzuri, nikamwambia mjukuu kwamba kama bado anayo ile picha, asiifute. Alisema hakuwa na mpango huo.

Katika maktaba niliendelea kupiga ukurasa mmoja mara moja, kwa taa mbili. Picha za majaribio niliacha kuzifuta. Msimamizi wangu aliuliza kwa nini zinajaza diski, nami nikamwambia kwamba ni kwa ajili ya uhakiki, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi.

Sufuria ilirudishwa kwa mdogo wake mwezi uliofuata. Kifuniko hakikupatikana. Bibi aliichapisha ile picha yangu rasmi, yenye mstari mweusi, akaifunga kwenye kitenge na kuiweka juu ya kabati, akisema kwamba kazi yenyewe imefanywa vizuri, ni kwamba tu imefika mapema. Yeye na mdogo wake waliongea kila Jumamosi kwa miaka minne. Kisha picha ilishushwa kutoka juu ya kabati, ikatumika.