Imondo ya Meneja

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikifika katikati nitakuwa nimeshakasirika na sitaki kuona meno ya mtu. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mwanamke aliyekula firigisi ya meneja mbele ya kampuni nzima, hapa Kakamega, miaka ile ya tisini ambapo mwanamke akiuliza tu kwa nini mshahara umechelewa, anaambiwa Beijing, ule mkutano wa wanawake wa dunia, imemwingia kichwani.

Kampuni yetu ilikuwa ya kusafirisha miwa. Mimi nilikuwa karani wa yadi, na ukarani wenyewe ulikuwa hivi: mimi ndiye nilijua trekta gani iende Shianda, gani ibaki kwa sababu mvua imeharibu barabara, dereva gani amelewa (wengi), na msimamizi wa zamu akisinzia ofisini, kazi yake naifanya mimi. Msimamizi huyo alipostaafu, meneja wetu, Bwana Mukolwe, akaniita akaniambia, "Rispa, makao makuu wanataka wanawake wapande. Kuna semina ya wiki moja ya kuwakuza kina mama wawe viongozi. Ukiimaliza vizuri, zamu ni yako." Nilirudi nyumbani nikiimba, hata watoto wakaniuliza kuna nini.

Mwalimu wetu alitoka Nairobi, Madamu Njeri, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mji. Wiki nzima alituambia, "Ukiitwa mezani, usikae ukingoni mwa kiti. Kaa kama mtu aliyealikwa." Mimi niliyashika hayo maneno kama ya ubatizo. Siku ya mwisho kukawa na chakula cha kufunga semina, madereva wakaalikwa, makarani, wakubwa wote, na mimi nikawekwa meza kuu, katikati ya Madamu na Bwana Mukolwe, kwa sababu nilipangiwa kutoa shukrani kwa niaba ya wenzangu.

Ukaja ugali, akaja kuku. Sasa, kwa wale msiotoka kwetu: kuku ana firigisi moja tu, sisi tunaiitanga imondo, na hiyo ni ya mwenye boma. Haina mjadala. Mama anaipika, anaiweka juu kabisa ya bakuli, mzee anaichukua. Mama yangu amepika kuku maisha yake yote na sidhani anajua ladha yake. Basi mama wa jikoni akaenda na bakuli moja kwa moja kwa meneja, imondo iko juu, na Madamu Njeri (mgeni wa mambo yetu, hana habari) akamzuia kwa mkono, akasema, "Leo tunaanza na kina mama." Bakuli likageuzwa, likatua mbele yangu.

Ningeisukuma kando. Mkono wangu umejua kuisukuma kando tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeshiba semina ya wiki nzima, na njaa pia nilikuwa nayo, nikasema moyoni, kwani itakuwaje? Bakuli limeletwa kwangu, zamu ni yangu, liwalo na liwe. Nikaichota. Mama wa jikoni akaninong'oneza, "Dada, hiyo ni ya mzee," na mimi kwa kiburi changu chote nikaitia mdomoni yote kwa mara moja.

Jameni, imondo haitafuniki haraka! Natafuna, iko vile vile. Nahamishia upande wa pili, iko vile vile. Na ndipo Madamu akasimama, akatangaza, "Sasa tumsikie kiongozi wetu mpya, Rispa!" Makofi. Nikainuliwa, nikashikishwa maiki, shavu limevimba kama la mtu anayeumwa na jino. Ukumbi ukanyamaza kunisikiliza, na katika kimya hicho Bwana Mukolwe, aliyekuwa ameshakoroga bakuli mpaka chini, akamuuliza mama wa jikoni, "Imondo yangu iko wapi?"

Yule mama akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama. Kutoka nyuma, Ezekieli, dereva mkongwe ambaye naye aliitaka hiyo zamu, akapiga kelele, "Muulize Beijing!"

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Mimi nikaimeza nzima nzima, ikakwama, nikakohoa ndani ya maiki kama trekta inayokataa kuwaka asubuhi, Madamu akanigonga mgongo kwa ngumi, ikateremka. Na ile hotuba nzuri niliyoisoma mbele ya kioo, yote ilitoroka, nikaweza kusema tu, "Asanteni kwa chakula." Kwa chakula! Wakaanza kucheka upya.

Jumatatu yadi nzima inaniita Mama Imondo. Namwelekeza dereva aende Shianda, ananijibu kwanza nimrudishie mzee nyama yake. Bwana Mukolwe akaniita ofisini, hata kiti hakunipa. "Wazee wanasema huna heshima," akasema. "Mtu asiye na heshima ataongoza wanaume namna gani?" Nilipotoka nikilia, Fridah, rafiki yangu tuliyesoma naye semina, akanishauri, "Dada, peleka jogoo kwake uombe msamaha, yaishe. Cheo ni cheo."

Na mimi nikapeleka. Hapo ndipo hasira yangu inaponipandia! Nilinunua jogoo, nikamchinjisha, nikampika katika jiko la mke wa meneja, nikaipeleka imondo mbele ya mzee na majirani zake kwenye kisahani cha peke yake, nikapiga magoti. Akaila polepole, akalamba vidole, akasema, "Sasa wewe ni msichana mzuri." Msichana! Mimi mama wa watoto watatu!

Jikoni mke wake akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kwani ni tamu?" Nikamwambia, ni ngumu tu, mama, na chumvi. Akaguna. "Miaka hii yote nafikirianga ni tamu," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata Bwana Mukolwe akatukusanya yadi. "Rispa ametuonyesha unyenyekevu," akasema. "Kwa hivyo zamu nampa Ezekieli, na Rispa atakuwa msaidizi wake, amfundishe kazi." Watu wakapiga makofi. Mnasikia? Wakapiga makofi! Na makao makuu wakaambiwa semina imezaa matunda.

Ningekuwa na njia nyingine ya kusomesha watoto ningemtupia funguo za yadi pale pale. Sikuwa nayo, nikamfundisha Ezekieli kazi mpaka akaijua, na alipoijua akaanza kunituma chai.

Kwa hivyo mkinitania kuhusu imondo, nitacheka na nyinyi. Nililetewa, nikala, nikakohoa, basi. Kinachonichoma mpaka leo ni yale magoti. Nimewakosea watu wengi maishani, na ninapokosea naomba msamaha. Lakini kwa mtu ambaye sijamkosea, hata aniwekee cheo hapo mezani nikione kwa macho, haki ya Mungu, sipigi magoti tena.