Magagulo ya Nang Turing

Saturnina Pagaran alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: nguo za ndani za wanawake zinaanikwa nyuma ya banda la nguruwe, kamba iwe chini ya kiuno, mahali ambapo mwanamume hapiti hata akifukuzwa na nyuki. Pale Kilima cha Hinagdan kila mtu alimwita Nang Turing, yaani Dada Turing, hata waliomzidi umri, kwa sababu mwanamke anayejua madoa yako ni dada yako mkubwa, utake usitake.

Miaka kumi na tisa aliwafulia Udugu wa Mwanga wa Saba, dhehebu la pale kilimani. Nguo nzito kuliko zote zilikuwa vizibao vya walinzi, vya marekani, vimeandikwa mbele na nyuma Kilatini ambacho padri angekisoma angeomba maji ya kunywa. Aliyevaa kizibao hapenywi na risasi. Baba Melchor, kiongozi wao, alisema hivyo, na sharti lilikuwa moja tu: usipite chini ya nguo ya mwanamke. Ukipita umekuwa mtu wa kawaida, na risasi haina adabu kwa watu wa kawaida.

Polisi walifika Jumatatu, malori sita, wakiwa na hati ya kumkamata Baba Melchor kwa ajili ya wapima ardhi wawili waliokutwa kisimani wamekatwakatwa. Kapteni Sumampong akashika kipaza sauti akasema, "Melchor, toka, mikono juu." Walinzi wakamjibu kwa mawe, na mmoja wao akamjibu kwa kuvua suruali. Siku mbili zikapita hivyo, huku wanakunywa tembo la mnazi na kutukana mama za askari kwa zamu.

Jumatano asubuhi askari walijaribu lango. Haikuchukua muda wa wali kuiva. Ngao, moshi wa machozi, virungu. Mlinzi mmoja alimkata askari bega mpaka mkono ukabaki unaning'inia, na askari mwingine akamlipa kwa kitako cha bunduki, meno yote ya mbele yakaenda. Dioscoro, yule mnene aliyekuwa akichekesha watu misibani, alitoka mbele mikono wazi kana kwamba anampokea mkwe. Risasi ikamwingia katikati ya kifua, pale palipoandikwa neno refu kuliko yote. Alikaa chini. Akakiangalia kifua chake kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi. Kisha akalala, na wenzake wakamvuta miguu kumrudisha ndani, kichwa kinagonga mawe.

Ponso, mtumishi wa Baba Melchor, alileta kizibao kwenye beseni la Nang Turing kikiwa bado cha moto.

"Toa damu, tia kiraka. Kesho anavaa Nong Teryo."

Teryo, ambaye wote walimwita Nong, yaani kaka, alikuwa mkuu wa walinzi. Alikuwa pia mume wake.

Alibadilisha maji mara nne. Ya nne bado yalikuwa na rangi ya chai. Alipokuwa akisugua, kidole chake cha shahada kiliingia kwenye tundu la mbele, akakisukuma polepole, kikatokea kwenye tundu la nyuma. Alikaa na kidole chake mle ndani kwa muda mrefu, akiyasoma yale maneno ambayo hakuyajua, na akaona kwamba risasi nayo haikuyajua.

Mchana kipaza sauti kilitangaza kwamba kesho saa nne askari wataingia kwa nguvu, na Baba Melchor aliwaita watu kanisani.

"Kizibao hakikosei," alisema. "Dioscoro alipita chini ya nguo ya mwanamke. Nani anayeanika hapa?"

Vichwa vyote viligeuka. Ponso alichukua rungu la Nang Turing mwenyewe, lile la kupigia nguo mtoni, akamwekea mkono juu ya benchi na kuupiga kama anaua kaa. Vidole viwili vilivunjika, watu wa nyuma wakasikia. Rungu likapanda mgongoni, likarudi, likapanda tena. Teryo alisimama karibu na mshumaa, panga mkononi, akiangalia dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

Saa kumi Ponso akarudi na mzigo mdogo: shati kuukuu na suruali yenye viraka, nguo za mgema.

"Baba anazitaka kesho kabla ya saa nne. Safi."

"Za Baba hizi?"

"Nimekuja kuleta nguo au kuhojiwa?"

Mtu anayevaa hariri nyeupe kwa miaka kumi na tisa hawi mgema kwa siku moja bila sababu. Wakati wa chakula, samaki mkavu na wali, Nang Turing alianza taratibu.

"Teryo, Baba yenu kesho anapanda minazi?"

"Kula, mwanamke."

"Nina mkono mmoja, siwezi kula haraka. Nauliza tu. Nyinyi arobaini mnatoka mbele na mapanga saa nne. Yeye saa hiyohiyo anataka shati la mgema. Na nyuma ya kanisa kuna korongo, na korongo lina njia."

"Unamkufuru."

"Namfulia. Ni tofauti kidogo. Leo nimetia kidole kwenye kifua cha Dioscoro, kimetokea mgongoni."

"Kwa sababu ya kamba yako."

"Kamba yangu iko nyuma ya banda la nguruwe. Dioscoro alikuwa hafiki kanisani bila kupumzika mara mbili, angefikaje kule?"

Teryo alipiga sahani teke, wali ukaruka ukutani. "Sema tena nikuvunje vilivyobaki."

Nang Turing alimtazama, akaona anamaanisha. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni wakati wa kimbunga, maji kifuani, huku akimlalamikia kwamba ni mzito kuliko nguruwe jike. Kesho saa nne atakuwa wa kwanza kutoka langoni, amevaa tundu la mtu mwingine. Maneno yalikuwa yamekwisha. Kikabaki kile alichokijua.

Asubuhi alimaliza kwanza kazi ya Baba. Alilitia wanga shati la mgema, akalipiga pasi ya mkaa kwa mkono mmoja mpaka mistari ya mikono ungeweza kukatia mkate. Ponso alilipokea bila kuangalia.

Kisha akachukua kamba.

Kutoka kanisani kwenda langoni palikuwa na kichochoro kimoja, kati ya ukuta wa kanisa na ghala la mpunga. Nang Turing aliifunga kamba ng'ambo hadi ng'ambo, juu ya usawa wa kichwa, akaanika magagulo tisa, sidiria nne, na katikati kabisa, chupi ya mjane Bebang mwenye miaka themanini na moja, ambayo kila mlinzi aliiogopa kuliko bunduki. Zote mbichi, zinachuruzika.

Saa nne kipaza sauti kikalia. Walinzi arobaini walikuja mbio wakipiga kelele, mapanga juu, na wa mbele wakasimama ghafla hata wa nyuma wakawagonga.

"Nani kaweka hii?"

"Kata."

"Kata wewe. Panga langu limebarikiwa, likigusa gagulo linakuwa kijiko."

"Iname upite."

"Nipite chini ya Bebang? Pita wewe, mimi nina watoto."

Watano hawakungoja. Walipanda ghala, wakaruka ukuta wa nje wakiimba. Milio ilisikika kama mahindi kwenye chungu. Mmoja alibaki amelala juu ya ukuta, miguu huku, kichwa kule, na damu ikashuka upande wa ndani. Wimbo ulikatika kwenye neno la pili.

Teryo alikuja akamzaba mkewe kofi lililompasua mdomo.

"Ondoa."

"Ondoa mwenyewe," alisema, akatema damu. "Kama Baba ana nguvu, gagulo ni kitu gani? Pita, Teryo. Mimi siko njiani. Iko nguo tu."

Lango likavunjwa. Moshi ukaingia kichochoroni. Teryo alifumba macho, akainua panga, akaikata kamba, na gagulo lililolowa likamwangukia kichwani na mabegani likamshika kama shuka.

Pale ndipo alipopata hofu, kwa mara ya kwanza tangu apewe kizibao. Mtu wa kawaida akisikia bunduki hulala, na Teryo alilala. Risasi zilipita pale kifua chake kilipokuwa, zikauchimba ukuta wa kanisa na kumpata mtu mmoja nyuma yake tumboni. Moja ikavunja mkono wa Teryo juu ya kiwiko. Nang Turing alimlalia juu, buti za askari zikapita juu yao wote wawili, zingine hazikupita juu, ziliwakanyaga. Walinzi waliosalia, wasio na uhakika tena kama walikuwa wamechuruzikiwa na zile nguo, walitupa mapanga.

Kule korongoni konstebo mmoja alimkuta mwanamume akishuka na kibuyu.

"Wewe nani?"

"Mgema, bwana."

"Mgema." Konstebo aligusa mkono wa shati, ukalia kama karatasi. "Unapanda mnazi hivi, au unaoa?"

Akaita wenzake, wakampiga mpaka wanga ukalainika, ndipo wakamfunga pingu.

Mkono wa Teryo ulikatwa hospitali. Miaka kumi na mbili sasa anamweleza kila anayekaa karibu naye kwamba asingepigwa risasi kamwe kama si gagulo la mkewe, na Nang Turing, akikunja nguo kwa vidole vyake vilivyopinda, hukubali. "Kweli. Ni mimi." Wageni hudhani anatania.

Kamba yake siku hizi iko mbele ya mlango wa jiko, usawa wa kichwa, nguo za kila namna. Teryo hapiti chini yake. Huzunguka nyumba nzima, kisima, banda la nguruwe, mpaka mlango wa nyuma, akinung'unika njia yote, na akifika anakuta wali bado wa moto.