Mwisho wa Filamu ya Safari

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tulipoonyeshwa filamu kwenye ukumbi wa parokia, huku huku Mgeta. Shuka jeupe ukutani, jenereta inanguruma nje. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya zamani hata kwa wakati ule. Baba mmoja kaipakia familia yake kwenye kigari anaipeleka pwani, na kila njia anayoshika inampoteza. Mwishoni wanafika, lakini likizo imekwisha, mvua inamwagika na hoteli imefungwa. Baba wa watu akakaa juu ya boneti. Mkewe akafungua kikapu, watoto wakamzunguka baba yao, wakala wameloa huku wanacheka. Ikaishia hapo. Ukumbi mzima tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Haukupita muda, baba yangu akaahidi kutupeleka Dar tukaione bahari. Tukapanda lori la kabichi. Likazama kwenye tope, likakwamuliwa, kisha injini ikaanza kukohoa. Tulipofika Morogoro mjini dereva akasema haendi mbele. Baba akaketi ukingoni mwa barabara, kofia mkononi. Sisi watoto tukanuna. Mimi nilimgeuzia mgongo kabisa.

Mama akanivuta pembeni. "Felista, yule baba wa kwenye filamu, wanawe walimfanyaje?"

"Walikula naye, mama."

"Na huyu wako, unataka ale na nani?"

Maneno yale yaliniingia. Nikaenda nikakaa ubavuni pake, nikamwambia, "Baba, nina njaa." Akanitazama, kisha akainuka akatununulia mihogo ya kukaanga. Tulikula pale pale barabarani, naye akaanza kumwigiza dereva akilibembeleza lori liwake. Tulicheka hadi wapita njia wakageuka. Bahari hakuwahi kutuonyesha, lakini mpaka uzeeni safari aliyopenda kuisimulia ilikuwa hiyo.

Sasa wewe unawapeleka wanao Kisaki kwa treni, na ninakujua, jambo likienda kombo hukaliki. Sikiliza. Kuna mahali safari itaharibika tu. Hapo usitafute wa kumlaumu, na wala usijitenge kwa aibu. Waite wote, mle pamoja. Wanao watasahau mlikokuwa mnakwenda, ila hawatasahau ulivyokuwa siku mlipokwama.

Haya, nenda. Mungu awatangulie njiani, na popote mtakapofika, awakute mmekaa pamoja.