Wimbo wa Anselmo, Mshona Viatu

Ninaikumbuka, mwanangu, asubuhi nilipousikia wimbo wa Anselmo mara ya kwanza. Nilikuwa nimebana foronya kwa kidevu, mto mikononi, ndani ya chumba cha mgeni katika hoteli moja ya hapa Malindi. Redio ya kaseti ilikuwa dirishani ikiimba kwa lugha nisiyoijua. Foronya ikaanguka, mto ukabaki mikononi. Mgeni mwenyewe, Bi Pilar, mama wa makamo kutoka Uhispania, alinitazama, akacheka, akaongeza sauti.

Nakuhadithia haya, Sidi mjukuu wangu, kwa sababu ya juzi. Wewe na wenzako mlikuwa uani kwangu hapa Ganda, nje ya Malindi, mnacheza mbele ya simu, na wimbo wenu ulikuwa wa Kihispania. Nikasema, "Hicho Kihispania." Mkaangua kicheko. "Hawe," ukaniita bibi yako, "umekijulia wapi wewe?" Huyo rafiki yako Dama akasema bibi anaota. Basi nikawaimbia ubeti mzima, ungo wangu mkononi, na simu mkaizima wenyewe. Mimi sina elimu ya vitabu. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kutandika vitanda. Wageni tulizungumza nao Kiitaliano cha kuokota, maana Waitaliano ndio waliojaa Malindi, na Kihispania kwa Kiitaliano ni kama Kigiriama kwa Kichonyi: ukitega sikio mtaelewana, na pakikwama mikono ipo. Kwa namna hiyo Bi Pilar alinieleza kanda yake. Kwao, alisema, kila wiki redio hutangaza nyimbo zinazopendwa kuliko zote. Ule ulionunuliwa zaidi hukaa juu, na nyingine huufuata, kama watoto wanaopangwa kwa urefu. Kanda ile ilikusanya zile zilizotangulia nchini kwao mwaka ule. Wa tatu ulikuwa wa Lazaro, sauti nzito kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Wa pili ni wa ndugu wawili, Teo na Fermini, wakijibizana kama wanaogombea kiti. Na wa kwanza, uliokaa juu miezi na miezi, uliimbwa na Rosaura. Huo ndio ulionidondoshea foronya. Ukiisha, Bi Pilar huurudisha, akausikiliza tena akitazama nje. Nilidhani ni kwa kuwa ndio wa kwanza.

Nikaushika. Nikaushika kama tunavyoshika nyimbo ngomani, kwa sikio, neno baada ya neno, maana yake siijui, huku nakunja shuka.

Sasa, kaka yangu Kazungu alikuwa mpiga gitaa katika hoteli hiyohiyo; Charo akipiga ngoma, Katana akitikisa kayamba. Baba alikuwa ametutoka, mama miguu inamsumbua, na gitaa lile ndilo lililomweka shuleni mdogo wetu Kahindi. Na wale Wahispania, waliokuja kundi zima pamoja na Bi Pilar, walikuwa wakila na kuondoka, muziki ukabaki na viti. Msimamizi wa hoteli akamwita Kazungu. "Jumamosi wageni hawa wasipocheza, fungeni vyombo vyenu. Kuna bendi Mombasa inanisumbua kila siku inataka nafasi hii."

Kazungu alirudi nyumbani akalisukuma gitaa mvunguni kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Kaka, mimi najua wimbo wao. Ule wa kwanza kabisa."

"Wewe? Wewe wa mashuka?"

Nikamwimbia. Alikuwa na kikombe cha chai. Akakiweka chini bila kutazama, kikapinduka. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Kadzo, Jumamosi utaimba wewe."

"Mimi! Mbele ya watu?"

"Basi nifundishe maneno." Akajaribu. Charo alicheka mpaka akaikumbatia ngoma yake. Ikawa nitaimba mimi.

Mazoezi tuliyafanyia kwa Shangazi Mbodze, dada ya baba. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za mwanzele, zile tunazoziimba na kuzicheza matangani, na yeye ndiye aliyetufundisha sote kusikiliza kabla ya kufungua kinywa. Alikuwa akishona makuti, ametupa mgongo, tukadhani hatusikilizi. Tulipomaliza akauliza:

"Wa nani huo?"

"Wa Rosaura, shangazi. Ndio wa kwanza Uhispania nzima."

"Huyo ni mwenye sauti. Namuulizia mwenye wimbo. Nani aliutunga?"

"Sijui."

"Hujui." Akavuta kuti jingine. "Kuku akiingia uani kwako, humjui mwenyewe, utamchinja tu kwa kuwa amenona?"

Charo akadakia, "Lakini shangazi, mwenyewe yuko Ulaya, hatasikia."

"Na mimi nikiwa kaburini nitasikia? Nyimbo zangu zinaimbwa hadi Kaloleni, na kila mahali wanaanza, 'Huu ni wa Mbodze wa Ganda.' Sikujaliwa mtoto, Charo. Jina hilo ndilo mtoto wangu. Siku watakayoimba bila kulitaja, hapo ndipo nitakapokufa. Nendeni mkaulize. Mkimkosa mtunzi, mtajeni aliyewapa. Lakini msiniimbie wimbo yatima."

Neno la Shangazi Mbodze Kazungu hakuweza kulivuka. Akaliweka gitaa chini palepale.

Asubuhi ya Ijumaa nikaingia chumbani kwa Bi Pilar, nikatandika, nikasimama. Nikamuuliza kwa Kiitaliano changu kibovu: wimbo huu, mwimbaji namjua, je, nani aliutunga?

Akaketi juu ya kitanda nilichotoka kukitandika. Nikaogopa, nikawaza nimevuka mpaka na kibarua changu kimekwisha.

"Anselmo," akasema. "Mdogo wangu."

Alikuwa mshona viatu katika mji wao mdogo. Wazazi wao walifariki mapema, Bi Pilar akamlea, na kila siku alimwekea kipande chake mwenyewe cha mkate, amekifunga kitambaani. Anselmo alipokua akamtungia dada yake wimbo wa shukrani. Wimbo ukamfikia Rosaura, na kabla haujasikika redioni, Anselmo akafariki kwa ugonjwa wa kifua. Ukapanda mpaka juu kabisa, yeye hayupo. Nchi nzima wakadhani ni wimbo wa mapenzi, mwanangu. Wachumba wakawa wanakumbatiana kwa wimbo wa dada na mkate! Hata wenzake Bi Pilar aliosafiri nao hawakujua.

"Kila unapopigwa wanainuka kwa furaha," akaniambia, "nami niwaharibieje? Watu wameniuliza kama naupenda. Nani aliutunga, wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Nikamweleza aliyoyasema Shangazi Mbodze, yote, hata ya kuku. Akacheka huku machozi yakimtoka. Nikaomba ruhusa ya kulitaja jina lile mbele ya watu. Akaufumbata mkono wangu. "Litaje wewe. Mimi sauti itanikatika."

Jumamosi jioni msimamizi alitukuta tukikaza ngozi ya ngoma. "Na hakuna hotuba," akasema. "Wageni wanataka kucheza." Alipokwenda zake nikamtazama Kazungu. Alikuwa na kila sababu ya kuniambia nifunge mdomo: mama, Kahindi, lile gitaa. Akaniuliza tu, "Shangazi alisema nini?"

Basi nikasimama. Nikasema, "Wimbo huu ni wa Anselmo, mshona viatu. Alimtungia dada yake aliyemlea. Dada mwenyewe yuko hapa, Bi Pilar, na yeye ndiye aliyetupa."

Vijiko vikanyamaza. Gitaa likaanza, kayamba ikafuata, nikaimba. Hakuna aliyecheza. Hata mmoja. Ukumbi mzima umemgeukia Bi Pilar, na mlangoni msimamizi amekunja mikono. Nilimwona Kazungu akiinamia gitaa, nikajua anawaza atamwambia nini mama. Nikaendelea, kwa kuwa jina la marehemu nilikuwa nimeshalitaja, na huwezi kulitaja jina la marehemu kisha ukamwacha njiani.

Kwenye ubeti wa pili Bi Pilar akasimama, akaimba nami. Sauti haikumkatika. Mzee mmoja wa meza yake akainuka akavua kofia, kisha meza nzima, kisha ukumbi wote. Tulipomaliza wakataka tena, na mara hiyo ndipo walipocheza, Bi Pilar katikati yao, anashikwa mkono na huyu na yule kama bibi harusi. Halafu kila meza ikawa na wimbo wake wa kutuimbia, na kila anayeanza anasema kwanza ni wa nani. Samaki wakapoa sahanini.

Msimamizi akamfuata Kazungu. "Kesho mje mapema," akasema. Akaenda hatua kidogo, akarudi. "Na ile hotuba isikose."

Bi Pilar hakukubali kuondoka kabla hajaja Ganda kumwamkia Shangazi Mbodze. Nilimfundisha shikamoo njia nzima. Walikaa jamvini wale kina mama wawili, hawana lugha moja ya kuzungumza, wakashinda wakiimbiana. Wakati wa kuagana, shangazi alichukua kipande cha mkate wa mofa, akakifunga kwenye pembe ya leso, akamtia mkononi bila neno. Mimi nilikuwa nimemsimulia. Bi Pilar alikishika kile kitambaa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kanda aliyoniachia ilikatika zamani. Bendi ikapiga hotelini miaka mingi, na Kahindi akamaliza shule, akaenda kufundisha watoto Marereni. Leo Kazungu hayupo, Charo na Katana hawapo. Shangazi Mbodze amelala kule juu kwenye minazi, lakini majuzi tu matangani nimesikia kijana asiyemjua akianza, "Huu ni wa Mbodze wa Ganda." Nikamshukuru Mungu palepale, nikacheza na magoti yangu haya.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu, sina nyingine kubwa kuliko hii. Ukipokea kitu kizuri, kiwe wimbo, kiwe pishi, liwe hata neno la kukupa moyo, uliza kilitoka kwa nani, kisha mtaje mbele za watu. Usiogope kwamba jina la mwenzio litakupunguzia lako. Mimi nilitaja la mshona viatu nisiyepata kumwona, na ndugu zangu wakala kwa jina hilo. Na usisubiri ruhusa ya msimamizi ili kushukuru. Huo wimbo wenu wa kwenye simu una Anselmo wake. Mtafuteni. Kabla ya kucheza, semeni jina lake, hata kama ni mbele ya simu tu.

Mungu akupe sauti, Sidi, na akupe sikio kubwa kuliko sauti. Akupe watu wa kuwashukuru mpaka wakuzidi hesabu. Na siku utakayokuwa umeondoka duniani, amsimamishe mtoto wa watu, katika nchi usiyoijua, awanyamazishe wote waliokaa mezani, aseme: huu ni wa Sidi wa Ganda.