Magurudumu Mepesi ya Bwana

Nicheke kwanza mwenyewe. Mimi, fundi gari wa Lushoto, nilikuwa nikifunga magurudumu mapya kwenye kigari cha mbio cha mzungu wa shamba la kahawa: mepesi, yenye mipira laini ya kung'ang'ania kona. Limebaki la mwisho kukazwa, mama mkwe akatokea. Mkwe hasalimiwi spana mkononi! Nikaiweka chini, nikavua kofia, tukaulizana mpaka hali ya mbuzi. Kugeuka, bwana mzungu keshawasha gari, ananiita tukalijaribu.

Kufika Soni, kwenye mteremko wa kushukia Mombo, akauliza, "Mbona linatetemeka?"

Ndipo nikakumbuka nati za lile gurudumu la mwisho. "Ni wepesi wa magurudumu, bwana. Utazoea."

Konani gari likainama upande, gurudumu likatupita likiteremka peke yake. Bwana akalisindikiza kwa macho.

"Kumbe ni jepesi kweli, fundi. Limetutangulia Mombo."