Viatu vya Marehemu

Leo nimemfuta marehemu miguu mbele ya mjane wake.

Tulieni, ni kwenye kompyuta.

Mama mmoja wa Itetemia kaniletea picha ya mumewe, anataka bango la misa ya arobaini. Nikafanya kama kawaida yangu kwenye mabango ya misiba: rangi nyeupe inaanzia chini, inapanda ikififia taratibu mpaka kiunoni, mtu anaonekana kama katokea mawinguni.

Nikajipongeza kimoyomoyo.

Mama akasogelea kioo. Halafu:

"Mwanangu, viatu viko wapi?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, mama."

"Hii picha aliipiga kwa sababu ya viatu. Binti yetu alimnunulia. Akatembea navyo kutoka nyumbani hadi studio."

Jamani! Nyie mnaotengeneza mabango, hapo mngejibu nini?

Nikaigeuza ile nyeupe, nikaihamishia juu, ififie angani huko. Ardhi ikarudi. Viatu vikarudi, vimejaa vumbi la njiani.

"Nilitoe hilo vumbi, mama?"

Alishika ncha ya kitenge chake, akainama, akafuta kioo cha kompyuta yangu. Kiatu kimoja, halafu kingine.